Msandali unang'olewa na mizizi yake milimani, na anayefungwa ni mchimbaji tu!

Wakuu,

Kila lori la msandali likinaswa, picha ni ileile: magunia yamepangwa chini, vijana wawili watatu wamechuchumaa na pingu, afisa kashika kigogo. Baada ya hapo kimya. Nani alitanguliza hela ya kuchimba? Mzigo ulikuwa unapelekwa kusagwa wapi? Hakuna anayeuliza, na sururu zinarudi mlimani.

Kwa wasioujua: huu ni Osyris lanceolata. Wamaasai wanauita olosesiai, Wakikuyu muthithii. Msandali wa India, Santalum album, ni mti mwingine kabisa. Huu wetu ni kichaka, au mti mdogo ukiachwa ukue, wa kijani mwaka mzima. Unaota taratibu mno kwenye miteremko ya mawe na kingo za misitu mikavu ya milimani: Samburu, Baringo, Pokot Magharibi, Karamoja kule Uganda, na milima ya Tanzania. Wafugaji wamechemsha gome na mizizi yake kwenye supu na chai miaka nenda rudi, na haukuisha.

Unaisha sasa kwa sababu ya mafuta ya manukato. Mafuta yako kwenye kiini cha mti, na kiini kilichonona kiko mizizini na chini ya shina. Ukikata juu ya ardhi ukaacha kisiki, kinachipua. Lakini dalali anataka mzizi, kwa hiyo kinachimbwa chote, kinakatwa vipande vya kuingia guniani, kinafunikwa na mkaa juu ya lori. Mlimani linabaki shimo, na mvua ya kwanza inashuka na udongo.

Halafu kuna jambo ambalo hata baadhi ya watu wa misitu wanalipita: msandali una mti dume na mti jike, mbalimbali. Wachimbaji wanaamini jike ndilo lenye mafuta mengi, wanaanza nalo. Majike yakiisha kilima kizima, mkaguzi anapita, anaona madume yamesimama na majani mabichi, anaandika kwamba mmea bado upo. Upo, ndiyo, ila hakuna tena tunda hata moja la kuanguka pale!

Sasa sheria. Kenya ilipiga marufuku kwa tamko la rais mwaka 2007. Mwaka 2013, mkutano wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) wa Bangkok uliuingiza kwenye Kiambatisho cha II kwa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia. Kiambatisho hicho hakizuii biashara. Kinadai kibali, na kabla ya kibali wataalamu wa nchi inayosafirisha lazima waridhike kwamba uvunaji hauuhatarishi mmea porini. Swali langu kwa wanaopiga mihuri: mnaridhikaje na mzigo wa mizizi? Mzizi uliomo guniani ni mmea uliokwisha kufa! Na gogo likivushwa njia za panya usiku, upande wa pili linavaa karatasi za nchi nyingine, linakuwa halali.

Msidanganywe pia kwamba mafuta hayahusiki. Magogo, vipande, unga na mafuta ya mapipa vyote vinataka kibali. Kilichosamehewa ni mbegu, chavua na bidhaa iliyokamilika, iliyofungashwa kwa rejareja. Tatizo ni kwamba pipa la mafuta halitambuliki kwa macho, linahitaji maabara. Ndiyo maana wajanja wanataka kukamulia huku huku.

NYONGEZA, kwa wanaosema "si mpande tu": hapo pia pesa zinachomwa. Msandali ni nusu kimelea. Majani yake yanajitengenezea chakula, lakini mizizi inang'ang'ania mizizi ya jirani na kunyonya maji na madini. Mche ulio peke yake kwenye kiriba (kimfuko cha kitaluni) unapendeza kwa muda, kisha unadumaa, unageuka njano, na ukihamishiwa uwanja mweupe unakufa. Mnafyeka kilima, mnapanda kwa mistari kama mahindi, mnapiga picha na mgeni rasmi, mnaondoka. Mlichofyeka ndicho kilikuwa kiulishe!

Anayetaka kwa dhati achume matunda yaliyoiva, aondoe nyama, na asianike mbegu juani; zinataka kupandwa zikiwa mbichi. Ganda gumu lipasuliwe taratibu bila kuumiza kiini, mbegu ilowekwe, ipandwe kwenye mchanga. Uotaji ni wa kusuasua, usimwage kitalu mapema. Mche ukishika, weka kiriba kimoja na mwenyeji, yaani mmea wa jirani utakaonyonywa, kwa mfano Rhus natalensis au Dodonaea viscosa, na mpunguze matawi mwenyeji asiufunike. Kisha panda katikati ya vichaka vilivyopo. Vipandikizi vya matawi ni vigumu kutoa mizizi. Panda mingi pamoja, maana dume na jike huwezi kuvitofautisha mpaka vichanue.

Na mwenye kujua magunia yanayokamatwa huishia ghala gani kesi ikishakwisha, aje aseme hapa. Yakiuzwa kwa mnada, aliyenunua ni nani?