Tupeane uzoefu: je, maoni yenu yaliwahi kubadilisha uamuzi wa viongozi?

Ndugu zangu, salaam. Katiba yetu ya Uganda ya 1995 ilitanguliwa na tume ya Jaji Benjamin Odoki, iliyozunguka nchi nzima na kupokea maandiko ya maoni zaidi ya 25,000, na Ibara yake ya 38 inampa kila raia wa Uganda haki ya kushiriki katika shughuli za serikali. Naomba tuelezane haki hiyo inavyotekelezwa huko tuliko.

Naanza mimi. Kijijini kwetu, upande wa Busia, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, alituita chini ya mwembe tutaje mahitaji yetu ya bajeti. Akina mama walitaja kisima cha pampu, kwa sababu foleni ya maji ilianza kabla ya alfajiri. Niliona kwa macho yangu neno «maji» likiandikwa juu kabisa ya ukurasa wa daftari na kupigiwa mistari miwili. Mwaka uliofuata likaja greda kuchonga barabara. Miaka miwili baadaye ndipo karani mmoja aliponieleza kwamba fedha nyingi zinazotoka serikali kuu huja na masharti, na zilizotengewa barabara haziwezi kuhamishiwa maji. Sababu hiyo ningeikubali siku ileile. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyerudi chini ya ule mwembe kutueleza, na mkutano uliofuata akina mama wengi hawakuja.

*Mchangiaji wa Arua:*
Pole sana, ndugu. Kwetu nimehudhuria baraza, ule utaratibu ulioanzishwa na Ofisi ya Waziri Mkuu mwaka 2009, ambapo watumishi wa wilaya huwajibu wananchi hadharani. Ofisa mmoja alikuwa akisoma taarifa ya afya kwa Kiingereza, mama mmoja akasimama na kumuuliza kwa Kiswahili kwa nini zahanati hufungwa saa sita mchana. Ofisa alikunja karatasi yake, akajibu kwa Kiswahili, akataja tarehe atakayorudi, na akarudi kweli. Tangu hapo zahanati ilifunguliwa hadi jioni. Naamini lugha ilichangia sana, kwa maana mtu hawezi kutoa maoni juu ya taarifa asiyoielewa.

*Mchangiaji wa Kasese:*
Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu. Julai 2018 ilipoanza kodi ya asilimia 1, wateja wangu walirudia kubeba noti mifukoni. Watu walilalamika nchi nzima, na mwaka huohuo Bunge likaipunguza hadi asilimia 0.5, tena kwa pesa zinazotolewa tu. Lakini kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, iliyolalamikiwa vilevile, ilidumu hadi 2021, kisha ikaja ya asilimia 12 kwenye bando. Kwa hiyo mimi sisemi kwamba hawasikii. Nasema husikia upesi zaidi pale biashara inapokwama.

*Mwanzisha mada:*
Ahsanteni sana. Ndugu wa Arua, naomba unifafanulie: ile tarehe aliitaja mwenyewe, au mlimdai aitaje? Na je, kuna aliyeiandika? Mikutano ya bajeti ya kaunti yetu ndogo inakaribia, na safari hii nakwenda na daftari langu mwenyewe.