Daktari hataki kuniandikia barua ya madai ya fidia ya VA (idara ya Marekani ya wanajeshi wa zamani)

Swali: Ndugu zangu, nilikuwa fundi wa helikopta katika jeshi la Marekani miaka 6. Sasa masikio yanavuma usiku kucha. Daktari wangu ananitibu vizuri, lakini nikimwomba barua ya kuhusisha masikio yangu na kazi ya jeshini anasema mambo ya madai hayawezi. Nimechoka kumbembeleza. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana kaka. Wangu pia aliogopa, kumbe alidhani anatakiwa kuapa kwamba jeshi ndilo lililoniumiza. Sivyo! VA wanatosheka na uwezekano wa asilimia 50 au zaidi. Mpelekee kumbukumbu zako za jeshini, aandike kwamba amezisoma, kisha aeleze KWA NINI anaona hivyo. Uzito wa barua uko hapo. Yangu ya kwanza ilikuwa sentensi mbili tu, madai yakakataliwa. Niliumia mno.

Jibu: Huku ukimsubiri, wasilisha taarifa ya nia ya kudai leo hii. Inakulindia tarehe ya kuanza kuhesabiwa malipo kwa mwaka 1, hadi upeleke madai kamili. Na mkeo aandike anachokiona nyumbani.

Muulizaji: Asanteni sana. Kumbe nilimwendea mikono mitupu. Jumatatu naenda na faili.