Ombi langu la komiti 2 linaonyesha komiti 11, nifute foki nianze upya?

tausi_moro
Wakuu habari za usiku. Kuna maktaba huria ya tarehe (msimbo wa wazi wa kuandika tarehe) naitumia kazini. Kwenye Kiswahili inaandika "mwaka 3 uliopita" badala ya "miaka 3 iliyopita". Imeniuma, wateja wangu wanasoma hiyo kitu kila siku. Nikafanya foki (nakala yangu ya mradi wao), nikarekebisha sw.js (faili ya Kiswahili), komiti 2 tu, yaani mabadiliko mawili niliyohifadhi kwenye Git. Ajabu ombi la kuunganisha (pull request, la kuwaomba wapokee kazi yangu) linaonyesha komiti 11, faili 4, na mgongano na msimbo wao juu yake. Mwezi uliopita nilituma ombi lingine la majina ya siku ("Jumane" yao ilikosa n moja) likapita vizuri. Nahangaika tangu saa kumi jioni. Nifute foki?

fundi_kimya
Dada usifute! Ukifuta foki, ombi litabaki pale lakini hutaweza kulirekebisha tena. Lile la kwanza ulilitoa tawi gani (mstari gani wa kazi ndani ya foki)? Na komiti zako waliziacha zilivyo au walizikunja ziwe moja?

tausi_moro
Yote mawili nimetoa main, tawi kuu. Nimeangalia kwao, zile komiti 9 za ombi la kwanza zimekuwa moja.

fundi_kimya
Ndiyo hapo. Git inaitambua komiti kwa ile namba yake ndefu. Komiti moja waliyonayo wao ina namba nyingine kabisa, kwa hiyo zile 9 zako zinaonekana hazijawahi kufika. 9 na 2, ndiyo hizo 11. Fanya hivi:

```
git remote add upstream ANWANI_YA_RIPO_MAMA
git fetch upstream
git branch akiba main
git switch -c miaka upstream/main
git cherry-pick KOMITI_1 KOMITI_2
git push --force-with-lease origin miaka:main
```

Cherry-pick inanakili zile komiti zako 2 tu juu ya kazi yao ya sasa; weka namba zake ndefu hapo. "akiba" ni ya usalama tu, kazi yako ya zamani inabaki humo. Mstari wa mwisho unaweka kazi safi kwenye main ya foki yako, na ombi lilelile litajisahihisha. Kuanzia leo, nakuomba sana, kila ombi lipe tawi lake. Main iache ifanane na ya kwao.

baba_nuru
Naongezea: usitumie --force tupu, inafunika kilichopo bila kuuliza. Hiyo yenye lease inakataa kama kuna kitu kimeingia kwenye foki ambacho hujakivuta. Mwenzangu alifuta kazi ya siku mbili ya mtu waliyekuwa wanachangia foki moja.

tausi_moro
Wakuu, komiti 2, faili 1, mgongano umeisha! Cherry-pick ya pili iligoma kwenye mstari wa miezi, kuna mtu aliugusa wiki jana. Nikauacha wa kwake, nikaweka wangu chini, `git add`, kisha `git cherry-pick --continue`. Mtunzaji wa maktaba ameshaniuliza kama "siku" nayo inabadilika kwenye wingi. Nimemwambia neno lenyewe halibadiliki, ila ni "siku 1 iliyopita" na "siku 30 zilizopita". Hiyo nayo wameikosea. Naifungulia tawi sasa hivi.