Mimba ya kwanza: mate hayakauki, harufu ya mume siiwezi, na mama mkwe hataki niende kliniki

Fundi wa Igoma (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naombeni ushauri, hasa kina mama mliokwisha kupita njia hii.

Nina miaka 24, nimeolewa mwaka jana, tunaishi Igoma hapa Mwanza. Nashona nguo, cherehani yangu iko barazani. Siku zangu za mwisho niliziona tarehe 10 Mei. Nilipopitiliza wiki mbili nikanunua kipimo cha mkojo, ikatokea mistari miwili. Nilifurahi mpaka miguu ikaisha nguvu.

Kuanzia wiki ya sita hali ikabadilika. Natapika asubuhi na jioni, lakini kinachonitesa zaidi ni mate. Yanajaa mdomoni muda wote, nikiyameza tu natapika. Nina kopo la siagi lenye mfuniko, nimelitia mchanga kidogo, linakaa chini ya cherehani. Mteja akija kupimwa namwomba anisubiri, nainama, natema, ndipo nashika tena futi. Juzi dada mmoja aliniangalia, akachukua kitambaa chake akaondoka bila neno. Nililia.

La pili ni mume wangu. Anafanya biashara ya dagaa pale mwaloni Kirumba, na mimba imemkataa kabisa. Hata akioga mara mbili mimi nasikia dagaa. Wiki ya tatu hii analala sebuleni. Hajanung'unika hata siku moja. Ila jana nilimwona kupitia dirishani, amesimama mlangoni anajinusa mikono kabla ya kuingia. Roho iliniuma mno.

La tatu ndilo zito. Mama mkwe amekuja kutoka Ukerewe kunisaidia, na ananipenda, nisimsingizie. Lakini anasema mimba changa haitangazwi, kijicho kipo, kliniki niende mimba ikiwa na miezi mitano, tumbo likishakaa. Nilijaribu kwenda kimya kimya kwenye zahanati moja, nikaambiwa nirudi na mwenza wangu. Siku hiyo mume alikuwa visiwani kufuata mzigo. Nikarudi nyumbani.

Wiki iliyopita mwili ulichemka, duka la dawa wakanipa mseto, dawa ya malaria, bila kunipima, nikameza. Tangu hapo sina amani, nawaza nimemuumiza mtoto. Na nakula udongo, zile pemba za sokoni, vipande vinne vitano kwa siku. Nisipokula silali.

Je, nisubiri kweli hadi mwezi wa tano? Na haya mate yana mwisho?

Mama Wanne

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mimba yangu ya kwanza nilitema mate mpaka nikawa nalala na kitambaa shavuni. Mwezi wa nne ukiingia yakaanza kupungua, siku moja nikaamka mdomo mkavu, nikashangaa. Kwa wengi kichefuchefu hukolea karibu na wiki ya tisa halafu kinashuka taratibu, ingawa wapo wanaokwenda nacho mpaka mwisho.

Usiamke na tumbo tupu. Weka michembe au kiazi kikavu kitandani, tafuna viwili vitatu kabla hujainua kichwa, kaa robo saa ndipo usimame. Kula kidogo kidogo, usingoje njaa ikubane. Vya baridi havina harufu kali kama vya moto, kwa hiyo uji wako uache upoe. Maji kunywa kwa mafunda madogo kati ya mlo na mlo. Mate yakizidi munya ubuyu au kipande cha ndimu. Kopo lako ulifunike na kulimwaga kila siku, wala usimwonee aibu mteja. Mwambie "nina hali", wanawake wenzio watakuelewa.

Bibi Harusi 2

Hongera dada! Nilikuwa natema kwenye daladala na chupa ya maji mkononi. Mwanangu sasa yuko darasa la pili.

Mzizi Mkavu

Mdogo wangu, hiyo homa na kutapika ni uchafu tumboni. Chemsha muarobaini, kunywa kikombe asubuhi siku tatu, utanishukuru.

Mkunga Mstaafu

Hapana, hapana. Muarobaini usinywe ukiwa na mimba, na dawa yoyote ya miti ambayo kipimo chake hakijulikani iache kando. Ndugu yangu wa hapo juu umesema kwa nia njema, lakini ushauri huo ufute.

Binti, nimefanya kazi ya kliniki ya wajawazito miaka mingi, acha nikujibu kwa kirefu.

Kwanza umri wa mimba. Tunahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tarehe ya kujifungua, ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu: 10 Mei inakupa tarehe 17 Februari. Leo ni 12 Julai, una wiki tisa kamili. Uko ndani ya muda, na usisubiri. Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki 12, na Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio yasiyopungua manane. Ukianza mwezi wa tano umeshapoteza nusu ya safari.

Utakachofanyiwa siku ya kwanza: presha, uzito, wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende, malaria, na mkojo kuangalia sukari na protini. Kaswende nawasisitizia sana mabinti, kwa sababu mama anaweza kuwa nayo bila dalili yoyote, ikaharibu mimba, wakati dawa yake ni sindano ya penisilini. Ukiikuta mapema mtoto anapona humo humo tumboni. Ukiikuta mwezi wa saba unakimbizana na muda.

Kuhusu mseto. Tuliza moyo. Hiyo dawa mchanganyiko wa artemether na lumefantrine, Shirika la Afya Duniani limeipendekeza hata kwa miezi mitatu ya kwanza tangu 2022. Kosa lilikuwa kukupa bila kipimo. Tone moja la damu kidoleni lingetosha kujua kama ni malaria au ni jambo jingine, mfano maambukizi ya mkojo, ambayo nayo huleta homa na mseto hauyagusi. Mwanza malaria ipo ya kutosha, kwa hiyo homa yoyote kuanzia sasa ni kituoni, si dukani. Zile SP, vidonge vya kukukinga na malaria, utapewa huko huko kliniki, na si sasa: zinaanza mimba ikitimiza wiki 13, kwako ni kuanzia 9 Agosti, kisha dozi nyingine zikipishana mwezi au zaidi, angalau dozi tatu. Usiruhusu mtu akuuzie SP kabla ya hapo.

Udongo sitakugombeza, nimewaona wengi. Mara nyingi mwenye hamu hiyo damu yake iko chini, na udongo wenyewe unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, kwa hiyo hamu inazidi. Unaweza pia kubeba mayai ya minyoo au madini ya risasi, ambayo ni sumu. Punguza kipande kimoja kila siku mbili, ukibanwa tafuna karanga au kipande cha barafu. Waambie kliniki ukweli, watakupima damu na kukupa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Chai usinywe na chakula, ngoja saa moja au mawili, kwa sababu inapunguza chuma unachokipata kwenye maharage na mchicha.

Hilo la kurudishwa kwa sababu huna mume mkononi limenikera. Mwenza anahimizwa kuja ili mpime pamoja, na ni jambo jema. Si sharti la kumnyima mama huduma. Nenda tena, sema kwa upole "mume wangu amesafiri kikazi, naomba nianze, yeye atakuja hudhurio lijalo." Wakikataa, omba kuonana na mganga mfawidhi. Najua kuna sehemu mnaagizwa barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ikibidi ichukue, usirudi nyumbani bila kadi.

Na kutapika kukizidi, yaani hakikai hata maji kwa siku nzima, mkojo umekuwa mweusi au haba, unaona kizunguzungu ukisimama, usingoje tarehe. Kuna dawa salama za kutuliza na kuna dripu.

Aliyenusurika Buzuruga

Naomba niongezee alichoacha Mkunga. Mimba yangu ya kwanza nilifuata ushauri kama wa mama mkwe wako. Wiki ya saba nikawa na maumivu upande mmoja chini ya kitovu, na damu nyeusi kidogo kidogo. Nikadhani ndiyo mimba inakaa. Siku ya tatu yake nilikuwa stendi ya Buzuruga nasubiri gari, bega likaanza kuuma kama nimelilalia vibaya, kisha nikaanguka. Mimba ilikuwa nje ya kizazi, mrija umepasuka, damu imejaa tumboni. Nilifanyiwa upasuaji usiku ule.

Nashukuru Mungu nipo, na baadaye nilipata mtoto kwa mrija uliobaki. Lakini dada, maumivu ya upande mmoja, damu, kuzimia, bega kuuma: hapo hakuna kuuliza mtu, ni hospitali.

Baba Mapacha

Mimi naongea na mumeo. Shemeji, nilikuwa nauza mafuta ya taa wakati mke wangu ana mimba, nilifukuzwa chumbani miezi miwili. Nguo za kazini zisiingie ndani kabisa. Weka ndoo nje na kanzu au msuli wa kubadilisha, vua huko huko, ogea sabuni ya mche, sugua mikono na ndimu hadi chini ya kucha. Nywele nazo zinabeba harufu, nyoa. Na usihesabu kwamba umekataliwa. Pua ya mjamzito inasikia vitu ambavyo sisi hatuvisikii, na inarudi kawaida.

Uliyoyafanya ya kulala sebuleni bila neno ni mapenzi. Endelea hivyo, ila kila jioni kaa naye barazani penye upepo.

Mama Wanne

Nimerudi kwa ajili ya mama mkwe. Mwanangu, usimshinde kwa hoja, wala usimfiche. Huyo bibi anachokiogopa ni midomo ya watu. Siri na kliniki havigombani. Kadi haibandikwi ukutani, na mhudumu anapaswa kukutunzia siri yako. Mwambie: "Mama, sitaki jirani ajue, ndiyo maana nataka unisindikize wewe." Ukimpa kazi ya kulinda hiyo siri utaona atakavyokuwa mwepesi. Na mwambie mumeo aanze kumgusia, mtoto kwa mama yake ana njia zake.

Fundi wa Igoma (mleta uzi)

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Asanteni jamani. Aliyenusurika, pole sana dada yangu, na asante kwa kutueleza. Mume amekubali kuongea na mama usiku huu. Nguo za dagaa zimeshahamia nyuma ya choo.

Mkunga Mstaafu

Nenda mapema, saa mbili asubuhi uwe umefika, na beba michembe yako maana foleni inaweza kuwa ndefu.

Fundi wa Igoma (mleta uzi)

Nimerudi na mrejesho, leo tarehe 18.

Tulikwenda kituo kingine, mimi na mama. Mume alikuwa mwaloni, nikasema kama nilivyoelekezwa, nesi akaandika tu kwamba atakuja hudhurio lijalo. Malaria sina, kaswende sina, VVU sina. Mkojo una maambukizi kidogo, nimepewa dawa. Damu ni 10.4, wameniambia inatakiwa isipungue 11, nimepewa vidonge vya chuma. Niliwatajia udongo na nesi hakunicheka. Nimechomwa sindano ya kwanza ya pepopunda na nimepewa chandarua. Nikirudi Agosti naanza SP.

Mate bado. Kwenye benchi nilikuwa nainama kila dakika, na mama mkwe ndiye aliyeshika kopo, analifungua na kulifunika, bila kugeuza uso. Mama mmoja alimuuliza, "Huyu ni mwanao?" Akajibu, "Ndiyo."

Tulipotoka nikataka kutia kadi kwenye mkoba. Akasema mkoba unafunguka. Akaichukua, akaikunja ndani ya kipande cha kitenge, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akashika fundo lile kwa mkono mmoja njia nzima mpaka nyumbani.