Naomba ushauri: Wi-Fi ya hosteli inalemewa usiku

Wakuu, habari za leo. Nasimamia hosteli ya wanafunzi hapa Nyegezi, Mwanza. Mchana Wi-Fi inakimbia vizuri, ila saa mbili usiku wote wakisharudi, video zinazunguka tu na hata ujumbe wa WhatsApp unabaki na alama ya saa. Nikichomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta, spidi ipo palepale, kwa hiyo kifurushi hakina shida.

Ninavyoelewa, vifaa vya chaneli moja (njia moja ya mawimbi ya Wi-Fi) hupokezana zamu, na simu ya mbali yenye mawimbi hafifu hula muda wa wenzake. Majirani nao wamejazana kwenye masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz, ambako chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu.

Je, niweke ruta ndogo ya 5 GHz (masafa mengine ya Wi-Fi) kila ghorofa, zikiunganishwa kwa waya? Kuta ni za tofali nene. Vijana wana mitihani, naumia sana wakikwama. Mwenye uzoefu anisaidie.