Maumivu juu ya mguu, lakini eksirei haionyeshi kitu

Mkimbiaji wa mita 400:
Ndugu wanariadha, kwa wiki 5 sasa nimekuwa nikisikia maumivu juu ya mguu wa kushoto, mbele kidogo ya kifundo, kila ninapovaa njumu na kukata kona. Nikipumzika siku mbili hutulia, ndiyo maana sijaacha mazoezi. Hakuna uvimbe, na eksirei imeonyesha mifupa mizima. Je, niendelee kukimbia?

Mtaalamu wa fiziotherapia:
Pole sana. Naomba uache kukimbia kwanza, kwa sababu maelezo yako yananitia wasiwasi kuhusu navikula, mfupa mdogo ulio mbele ya kifundo, ambao hubanwa kati ya mifupa ya nyuma na ya mbele ya mguu kila unapojisukuma kwa vidole, na ambao sehemu yake ya katikati hupata damu kidogo, hivyo ukipata ufa hupona polepole. Bonyeza kwa ncha ya kidole pale mgongo wa mguu ulipoinuka zaidi. Ukisikia maumivu makali mahali hapo hapo, muombe daktari kipimo cha MRI au CT, yaani picha zinazoonyesha mfupa kwa undani zaidi, kwani ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. Ukithibitika, na mfupa haujaachana, tiba ya kawaida ni plasta na magongo kwa wiki 6 hadi 8 bila kukanyagia mguu huo hata kidogo. Ulioachana huenda ukahitaji skrubu.

Kocha wa mbio fupi:
Nakazia neno hilo la kutokanyagia. Niliwahi kumruhusu kijana mmoja apumzike wiki mbili na kurudi, mara tatu mfululizo, na msimu wote ukapotea. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu: soli ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa imelika ukingo wa nje tu, maana alikuwa akikwepa maumivu bila kujua. Ukiruhusiwa kurudi, anza kwa kutembea, kisha mbio za taratibu kwenye njia iliyonyooka. Njumu na kona ziwe za mwisho kabisa.

Mkimbiaji wa mita 400:
Nimebonyeza hapo, na mguu ukaruka wenyewe kwa maumivu. Viatu nimevigeuza pia, Kocha, na cha kushoto kimelika nje. Nimeacha mazoezi leo, na kesho asubuhi ninarudi kwa daktari kuomba MRI.