Naomba ushauri wa FM24: Accrington Stanley yangu inazama, bodi imenipa mechi 5

Kiungo wa Chini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za usiku. Naombeni mnisaidie, maana jambo hili limeninyima usingizi siku ya tatu leo.

Nacheza Football Manager 2024 (FM24), gemu ya kompyuta ya kuwa kocha wa klabu, ile tuliyoichukua bure kwenye duka la mtandaoni la Epic Septemba 2024. Nimekuwa nikichukua timu kubwa na kununua kila ninayemtaka, mpaka nikachoka. Safari hii nikasema nianzie chini. Nikachagua Accrington Stanley, klabu ya League Two, daraja la nne la Uingereza, msimu wa 2023/24. Kabla ya kubonyeza chochote niliisoma historia yao. Walijitoa kwenye ligi Machi 1962, msimu haujaisha, kwa sababu ya madeni. Klabu ikaundwa upya 1968, ikarudi ligi ya kulipwa 2006, na 2018 John Coleman akawapa ubingwa wa League Two kwa bajeti ambayo klabu nyingi za ligi ile zingeicheka. Ukikabidhiwa klabu ya namna hiyo, hata kwenye gemu, unajiona umebeba kitu cha watu.

Hali yangu ni hii. Tumecheza 29 kati ya 46. Ushindi 6, sare 9, vipigo 14. Alama 27, nafasi ya 20. Wanaoshuka ni wawili na aliye nafasi ya 23 ana alama 24. Kinachoniuma ni kwamba mechi 8 za mwanzo tulivuna alama 14, halafu mechi 21 zilizofuata tumeokota 13 tu.

Mfumo wangu ni 4-3-3, yaani mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu. Tunaanzisha mpira kwa kipa, tunakaba juu dakika zote, mabeki wanasimama karibu na katikati ya uwanja. Tumeruhusu mabao 47, na 17 kati ya hayo yameingia baada ya dakika ya 75. Kikosi kina watu 31, wanane wa mkopo. Mishahara imevuka bajeti kwa pauni 3,000 kila wiki. Jana bodi imeniita: alama 7 katika mechi 5 zijazo, la sivyo nifungashe virago.

Juu ya hayo, klabu ya League One, daraja la juu yetu, imeleta pauni 180,000 kwa nahodha wangu. Ni mshambuliaji wa miaka 29, ana mabao 11, mkataba wake unaisha Juni. Dirisha dogo limebakiza siku nne.

Nibadilishe mfumo? Nimuuze nahodha? Nianzie wapi? Naomba tu msiniambie nirudi kwenye sevu ya Oktoba, yaani gemu niliyoihifadhi kabla mambo hayajaharibika. Nataka nitokee hapa hapa nilipokwama.

Mzee wa Mstari

Pole sana mkuu. Kabla sijasema lolote, fungua kurasa za mabeki wako wawili wa kati utuwekee namba zao za pasi, utulivu, kasi, kuruka na vichwa.

Kiungo wa Chini

Wa kwanza: pasi 7, utulivu 8, kasi 8, kuruka 15, vichwa 14. Wa pili: pasi 6, utulivu 9, kasi 7, kuruka 16, vichwa 14.

Mzee wa Mstari

Basi jibu unalo mwenyewe. Hao ni mabeki wazuri sana kwa League Two, ila umewapa kazi ya watu wengine. Namba zinaishia 20. Mtu mwenye pasi 6 unamwambia aanzishe mashambulizi akiwa amebanwa na mshambuliaji anayekimbia, na mwenye kasi 7 unamsimamisha katikati ya uwanja huku mita arobaini nyuma yake ziko wazi. Mechi nane za mwanzo ulishinda kwa sababu miguu ilikuwa mipya na wapinzani walikuwa hawajakuzoea. Ulipofika Oktoba, Jumanne zikaanza kufuatana na Jumamosi, pumzi ikakata. Hayo mabao 17 ya mwishoni ndiyo hesabu ya kukaba juu dakika 90 na wachezaji ambao stamina yao ni 11 au 12.

Fanya hivi. Nenda 4-4-2 ya kawaida. Mstari wa mabeki uushushe hadi kiwango cha kawaida au chini kidogo. Kukaba kuanzie katikati ya uwanja. Kipa apige mpira mrefu kwa mshambuliaji mrefu, na pembeni yake awepo mwenye mbio wa kuokota mpira wa pili. Mawinga wako wapige krosi, wasiingie ndani. Viungo wa kati, mmoja abaki, mwingine apande. Watu wanaona aibu kucheza hivi kwa sababu wamezoea kuangalia Manchester City, lakini pale chini Januari uwanja ni tope na gemu inaihesabu hali ya uwanja. Pasi fupi kumi kwenye tope zinakuletea bao la kufungwa.

Halafu angalia mazoezi. Kama una mechi Jumamosi na Jumanne, siku ya katikati iwe ya kupumzika na kurejesha nguvu. Wengi huiacha ratiba ya msaidizi bila kuifungua, nayo mara nyingine inaweka mazoezi mazito siku ambayo miguu imekufa.

Jambo la mwisho kwa leo: usisajili kwa kutazama nyota. Nyota za gemu zinamlinganisha mchezaji na kikosi chako mwenyewe. Kikosi kikiwa dhaifu, mtu wa kawaida anaonekana ana nyota nne. Soma namba za kazi unayotaka kumpa.

Binti Mvita

Kaka, mimi nataka kuzungumza juu ya hao wanane wa mkopo, maana hapo ndipo pesa yako inapovuja. Kanuni ya ligi hiyo hairuhusu zaidi ya watano wa mkopo kwenye orodha ya siku ya mechi. Kwa hivyo kila wiki unawalipa watatu wakae jukwaani. Fungua kila mkataba wa mkopo uone kama waweza kuukatisha na unachangia kiasi gani kwenye mshahara. Nakuhakikishia zile pauni 3,000 nyingi zake zimelala hapo.

Na usijenge timu juu ya mtu wa mkopo. Jambo hili limetokea kweli. Walsall walikuwa juu ya League Two Januari 2025 kwa tofauti ya alama 12. Mfungaji wao Nathan Lowe alikuwa wa mkopo kutoka Stoke, Stoke wakamwita arudi mwezi huo huo. Walsall wakamaliza wa nne, halafu wakafungwa 1-0 na AFC Wimbledon kwenye fainali ya mchujo wa kupanda daraja pale Wembley. Msimu mzima ukayeyuka. Ukichukua mtu wa mkopo, soma kipengele cha kurudishwa kabla ya kusoma sifa zake.

Watu 31 pia ni wengi mno kwako. Wale ambao hawajagusa mpira tangu Novemba wananung'unika, na manung'uniko kwenye kikosi kidogo huenea haraka. Mimi hubaki na 23 au 24: wawili kila nafasi, kipa wa tatu atoke timu ya vijana.

Beki Tatu

Mimi nasema uza nahodha leo usiku. Miaka 29, mkataba unaisha, Juni anaondoka bure. Pauni 180,000 kwa Accrington ni pesa ya kuishi. Unapunguza mshahara, unaleta vijana wawili, bodi inatulia.

Msafiri wa Bolton

Beki Tatu, nakuheshimu lakini hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Timu imefunga mabao mangapi?

Kiungo wa Chini

31, mkuu.

Msafiri wa Bolton

Kumi na moja kati ya 31 ni ya mtu mmoja, ambaye pia ndiye nahodha. Ukimuuza siku nne kabla ya dirisha kufungwa, unatafuta mshambuliaji sokoni wakati kila klabu inajua una pesa na una shida. Na bodi imekupa mechi tano, haikukupa msimu. Hiyo pauni 180,000 haitafunga bao Jumamosi. Wachezaji wenzake nao wataona nahodha kauzwa timu ikizama, na vyumba vya kubadilishia nguo vitakugeuka.

Kuhusu mkataba, klabu za Uingereza haziwezi kumsainisha mkataba wa awali Januari hii, za nje ya nchi ndizo zinazoweza. Mwite mwongeze mwaka mmoja, umpe bonasi ya mabao na kipengele cha kuongeza mwaka mwingine timu ikibaki. Ukishuka National League, daraja la tano, thamani ya kikosi chote inaanguka, na huko wanaopanda ni wawili tu kwa mwaka. Accrington walihangaika miaka 44 kurudi ligi ya kulipwa.

Mimi naishi karibu na huko, na nimewahi kwenda kuwaangalia. Uwanja wao unabeba watu elfu tano na kitu, mvua inapiga usoni, wazee wamesimama na vikombe vya chai tangu saa moja kabla ya mechi. Ukiwaona utaelewa kwa nini nasema usiwauzie nahodha wao.

Beki Tatu

Nimekuelewa. Kwa mechi tano hizi, sawa, abaki. Ila mkataba asipousaini, Juni tutakumbushana.

Mbeba Mipira

Wakuu mmesahau mipira iliyokufa! Mabeki wawili wanaruka 15 na 16, halafu mtu anahangaika kutafuta mabao? FM24 ndiyo iliyoleta mfumo mpya wa kupanga kona na faulo, pamoja na kocha maalumu wa kazi hiyo. Kama huna kocha huyo, mtafute kati ya wasio na kazi, mshahara wake ni mdogo kuliko wa kipa wako wa tatu.

Mimi hufanya hivi: kona ipigwe nguzo ya karibu, beki mrefu zaidi aende pale, mwingine amzuie kipa asitoke, mmoja avizie mipira inayorudi ukingoni mwa boksi. Na ukipata mtu mwenye kurusha mrefu 14 au zaidi, kila mpira wa kurusha wa upande wao unakuwa kama kona. Msimu wangu wa kwanza na Newport County theluthi ya mabao yangu yalitoka hapo. Timu ndogo haiwezi kuacha mabao ya aina hii.

Kiungo wa Chini

Ahsanteni sana, nasoma kila neno na daftari liko mkononi. Swali dogo: nilitaka kuleta winga kutoka ligi yetu ya Tanzania, klabu yake imekubali, ila kibali cha kazi kimekataliwa mara mbili. Kuna njia?

Msafiri wa Bolton

Ni kanuni halisi iliyoingia Januari 2021 baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya. Kibali kinahesabiwa kwa alama: mechi za timu ya taifa na nafasi ya taifa hilo FIFA, ubora wa ligi anayotoka, dakika alizocheza. Tanzania haimo kwenye hamsini bora, kwa hiyo wa kwetu ni nadra kupita moja kwa moja. Njia nyepesi ni kuwatafuta wenye damu yetu waliozaliwa huko. Haji Mnoga alizaliwa Portsmouth, akakulia klabu hiyo hiyo, akawemo kwenye kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda AFCON ya Côte d'Ivoire Januari 2024, na baadaye akajiunga na Salford City. Ni beki wa kulia, hahitaji kibali. Tarryn Allarakhia naye amecheza Crawley Town. Kwenye utafutaji weka uraia wa pili, utashangaa wanavyojitokeza, wa Kenya na Uganda pia.

Kiungo wa Chini (baada ya siku sita)

Wakuu, nimerudi na matokeo.

Nilirudisha watatu wa mkopo, wawili mikataba yao niliikatisha bila malipo, mmoja nikalipa kidogo. Nikawapeleka wengine wanne kwa mkopo timu za chini. Mishahara sasa iko chini ya bajeti kwa pauni 400. Nahodha hakuuzwa. Amesaini mwaka mmoja.

4-4-2. Mechi ya kwanza tulishinda 1-0, kona, nguzo ya karibu, beki yule yule wa kuruka 16. Nilisimama kwenye kiti. Ya pili 0-0 ugenini. Ya tatu tulifungwa 2-0, kosa langu, tulipofungwa la kwanza nikaogopa nikarudisha kukaba juu, na la pili likaja dakika ya 81. Ya nne 2-1, nahodha yote mawili. Ya tano alama 7 za bodi nilikuwa nazo tayari, ila sikutaka kupoteza. Tulitangulia kufungwa, mikono ikaanza kutetemeka, lakini safari hii sikugusa kitu. Dakika ya 70 mpira mrefu wa kurusha, ukaparazwa, ukaingia. 1-1.

Alama 8. Bodi imenibakiza. Tuko nafasi ya 19, tuna 35, aliye wa 23 ana 29. Nilimwita mke wangu aone msimamo, naye akakaa akauliza wale wa chini watakwenda wapi wakishuka. Tukazungumza mpaka usiku.

Mechi 12 zimebaki. Jumamosi nawapokea Wrexham, wanaongoza ligi, na winga wangu wa kulia ameumia wiki tatu. Nicheze vile vile?

Mzee wa Mstari

Hongera mwanangu, umefanya kazi. Kwa Wrexham, ondoa mshambuliaji wa pili, weka kiungo wa tatu mbele ya mabeki. Kulia mpange beki badala ya winga, yeye abaki nyuma tu. Nahodha akae juu peke yake. Mpaka dakika ya 60 usibadilishe hata mtu mmoja, hata wakikusogelea vipi. Baada ya hapo angalia pumzi za mabeki wao wa pembeni, kama zimeshuka ingiza yule kijana mwenye mbio. Na kila kona utakayopata, wapandishe warefu wote wawili.

Binti Mvita

Kaka, sisi twangoja hapa Jumamosi. Andika hata ukifungwa.